Tasnifu Haina Kengele

Njia mbili zilimshinda fisi. Mfanyakazi yeyote wa Nyeri aliyerudi chuoni bila kuacha kazi amewahi kuambiwa hivyo, na aghalabu na mtu anayemtakia mema. Naibu wa mwalimu mkuu humwambia anapompangia vipindi. Mama mkwe humwambia anapompokea mjukuu Ijumaa jioni. Fisi wa hadithi alinusa nyama pande mbili, akaweka miguu kwenye njia zote mbili, akapasuka msamba. Lakini huyu wetu hayuko kwenye njia panda. Mshahara ndio unaolipa karo. Akiacha kazi, darasa nalo limekwisha. Njia zake mbili ni moja, na ni ndefu.

Mimi ni mmoja wao, mwalimu wa sekondari mchana na mwanafunzi wa uzamili saa zinazobaki. Tukikutana kwenye ukumbi wa idara, sote tuna wimbo mmoja: sina muda. Siku hizi nauimba bila kuuamini. Muda upo, ingawa umekatikakatika: nusu saa ndani ya matatu, saa moja baada ya watoto kulala, kipindi cha katikati ya asubuhi ambacho mwalimu hana darasa. Tunachokosa ni kitu kigumu zaidi kukiomba. Ni ruhusa ya kuwa peke yako bila kuonekana umewakimbia watu.

Utatuona Jumamosi asubuhi kwenye steji za Nyeri, Karatina na Kerugoya, watu wazima wenye mikoba ya laptopu wakiwania kiti cha dirishani. Yuko mwalimu aliyetoka Othaya kabla umande haujakauka. Yuko muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku, macho mekundu, flaski ya chai mkononi. Yuko karani wa kaunti ambaye ameona matangazo ya kazi yakisema, mwaka baada ya mwaka, kwamba shahada ya uzamili itakuwa faida ya ziada, akaelewa kwamba ziada hiyo ndiyo itakayochagua. Wengine wanashika barabara ya Mweiga na kushuka langoni mwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilomita chache tu kutoka mjini. Wengine wanapanda vilima vya Mathira hadi Kagochi, iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Karatina.

Vyuo hivi kuwa karibu ni jambo la juzi. Kimathi kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa harambee ya watu wa Nyeri, na hakikupata hati ya chuo kikuu kamili hadi Desemba 2012. Chuka, Meru na Karatina vilifuata mwaka 2013, kisha Embu, Kirinyaga na Murang'a mwaka 2016. Katika miaka minne hivi, Mlima Kenya ukawa umezungukwa na vyuo vikuu. Kabla ya hapo, mtu wa Nyeri aliyetaka shahada ya pili akiwa kazini alikuwa na safari ya Nairobi, kilomita kama 150 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, au alitegemea matawi ambayo vyuo vikubwa vilifungua mijini baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha masomo ya kujilipia mwaka 1998. Mengi ya matawi hayo yalikuwa ghorofani, juu ya maduka na benki, na mengi yamefungwa.

Kwa hiyo umbali umepungua. Karo ni nzito, lakini ina milango ya kubisha: mkopo wa sacco, mkopo wa Jielimishe ambao Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwapa walio kazini, bonasi ya chai inayongojwa mwezi wa Oktoba na familia nzima. Na bado watu wanakwama, na wengi ninaowajua wamekwama mahali pale pale. Wanamaliza masomo ya darasani, wanafaulu mitihani, tena wengine kwa alama za kujivunia. Kisha wanafika kwenye tasnifu na kunyamaza. Ukiwauliza miaka miwili baadaye, wanakuambia bado wako sura ya pili.

Ili kuona kwa nini ni pale pale, inafaa kukumbuka waliosoma wakiwa kazini kabla yetu. Katika miaka ya 1960 shule za msingi zilikuwa na walimu wengi wa daraja la P3, waliofunzwa ualimu bila kupita sekondari. Nchi ilikuwa imepata uhuru, watoto walifurika madarasani, na haingewezekana kuwatoa walimu hao wote wakasome. Mwishoni mwa muongo huo kikaanzishwa kitengo cha masomo ya posta kule Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi. Mwalimu alitumiwa vitabu na mazoezi, akayajaza, akayarudisha kwa posta, akasahihishiwa. Na masomo hayo hayo yakafafanuliwa kwenye redio, Sauti ya Kenya. Aliyefaulu mtihani wa kidato cha pili alipanda kutoka P3 hadi P2, na mshahara ukapanda naye. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kinachosifiwa kote kwa kufundishia redioni na kwenye televisheni, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Walimu wetu wa vijijini walikuwa wameshaanza kusoma hivyo.

Ninachokihusudu katika mpango ule ni ile redio. Kipindi kilikuwa na saa yake, na saa hiyo iliamuliwa mbali. Nawaza nyumba ya mwalimu huko Mukurwe-ini wakati wa kipindi: watoto wametumwa nje, jirani aliyepiga hodi ameombwa asubiri kidogo, mwalimu ameinamia daftari na sikio lake liko redioni. Nani angesema anajitenga? Hakuichagua saa hiyo, na kipindi kikipita hakirudi. Alikuwa peke yake katikati ya nyumba iliyojaa watu, na kila mtu aliona ni halali.

Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa wanaosoma wakiwa nje ya chuo, na baadaye vyuo vingine vikaja na masomo ya likizo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, mwalimu anabeba blanketi na kwenda kuwa mwanafunzi. Likizo nayo ni saa iliyoamuliwa mbali. Mume anajua, mke anajua, kanisa linajua: Agosti mwalimu hayupo. Thamani ya mpango huo tuliiona ulipovurugika. Korona ilifunga shule zote Machi 2020, na zilipofunguliwa mihula ikabanwa ili kufidia muda uliopotea. Hadi kalenda ilipotulia Januari 2023, likizo zilikuwa fupi kiasi kwamba mwalimu alitoka kusahihisha mitihani ya watoto akaingia moja kwa moja kufanya ya kwake.

Redio, likizo, darasa la Jumamosi, mtihani wa mwisho wa muhula: vyote hivi vina mlinzi wa nje. Mtu mwingine amepiga kengele, nawe unaitika. Tasnifu haina kengele. Hakuna anayekungoja ukumbini saa mbili asubuhi. Msimamizi anakuambia kwa upole, "Niletee sura ya pili ukiwa tayari," na humo ndani ya upole wake umeachiwa mzigo ambao hujawahi kuubeba: wewe mwenyewe uamue ni saa ngapi utawafungia watu mlango, na uwaeleze kwa nini.

Tazama hatua zenyewe. Kuna pendekezo la utafiti na siku ya kulitetea mbele ya idara. Hiyo ina tarehe, watu hujiandaa, na wengi hupita. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na kibali cha kamati ya maadili; hivyo vina fomu, na mfanyakazi wa Kenya hashindwi na fomu. Kuna dodoso na mahojiano; hayo yana watu wanaokusubiri shuleni au hospitalini. Yote haya yanasonga, hata kama ni polepole. Kinachosimama ni kuandika, kazi ambayo haina foleni, haina muhuri wala afisa wa kulaumiwa. Kuna wewe, kiti, na kurasa ambazo hakuna mtu duniani atakayeumia zisipoandikwa leo.

Sasa iweke kazi hiyo ndani ya Jumamosi moja ya kawaida ya miji yetu. Kuna ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu huko Tetu, na gari limeshachangiwa. Kuna mazishi, na kabla ya mazishi kuna mikutano ya jioni wiki nzima ya kupanga jeneza, mahema na basi, na kikundi cha WhatsApp ambapo orodha ya waliochanga hupandishwa kila baada ya muda, na jina lisilokuwapo husomwa kwanza. Kuna chama. Kuna jumuiya ya kanisa, ambayo zamu hii inakutana kwako. Kuna mkutano wa wazazi. Kuna chai ya kuchuma mwaka mzima, na kahawa msimu wake ukifika.

Ukisema una mtihani, milango yote hii inafunguka. Milimani mtihani unaheshimiwa kama mvua. Mama atakuombea, jumuiya itahamia nyumba nyingine, mwekahazina wa chama atajifanya hajaona kwamba hukuja. Ukisema unaandika, wanauliza unaandika nini, na kwa nini usiandike kesho. Huna jibu, kwa sababu kweli unaweza kuandika kesho. Kesho nayo ina mazishi yake.

Sisemi watu hawa wana kosa. Ni watu wa namna hii walioijenga Kimathi kwa senti zao, na ndio watakaosimama nawe siku ya msiba wako. Katika nchi ambayo mgonjwa hulipiwa bili na mchango wa ukoo, kuonekana ni bima, na anayekosa kuonekana anajua alichokihatarisha. Ndiyo maana ushauri wa vitabu vya wageni, kwamba mwanafunzi ajifunze kukataa mialiko, huku unasikika kama ushauri wa kujifukuza nyumbani. Mtu hawezi kukataa mialiko ya watu wanaomlelea mtoto.

Kwa mwanamke jambo hili lina uzito zaidi. Mwanamume akijifungia chumbani na vitabu, majirani husema anajiendeleza. Mwanamke akijifungia, mtu atauliza watoto wamekula nini. Na hapo ndipo jina la Wangari Maathai hutajwa, maana sisi wa Nyeri hatuna subira ya kutolitaja. Mzaliwa wa Ihithe, alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo, akiwa anafundisha, ameolewa, na ana mtoto mdogo. Tunalisimulia hili kama hadithi ya ushupavu, na ushupavu ulikuwapo mwingi.

Lakini angalia pia jinsi kazi yake ilivyokaa. Alikuwa mhadhiri katika idara ya anatomia ya mifugo, na utafiti wake ulikuwa wa anatomia. Masomo na kazi vilikuwa chini ya paa moja. Aliyemkuta ameinamia darubini hakuwa na sababu ya kumuuliza mbona hafanyi kazi. Ile ndiyo ilikuwa kazi. Haimpunguzii Wangari chochote kusema hivyo. Inatupa sisi adabu kidogo tunapomgeukia muuguzi wa wodi ya uzazi, mwenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, na kumwambia: mbona Wangari aliweza? Aliweza, na darubini ilimlinda.

Sisi tusio na darubini tumejificha kwenye saa kumi za usiku. Ni saa isiyo ya mtu. Ng'ombe hawajakamuliwa, gari la maziwa halijapita, vikundi vya simu vimelala. Mwezi wa Julai, baridi ya gathano ikiwa imeshika vidole, unajifunga shuka mabegani, unaandika aya mbili, unazipenda, na saa kumi na mbili unatafuta soksi za mtoto. Mahafali yakifika, wasemaji husifu sana uamkaji huu. Mimi siusifu tena. Anayelazimika kuuiba usingizi wake ili awe peke yake anatueleza kwamba mchana hana haki hiyo. Na usingizi ulioibwa hulipwa na wengine: mgonjwa anayepimiwa dozi na mkono uliochoka, darasa la saa saba mchana linalofundishwa na mwalimu anayejishikilia ubaoni.

Pale usiku usipotosha, kuna soko. Vijana wetu wamejulikana duniani kwa kuwaandikia kazi za masomo wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, imewaonyesha wazi. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba ufundi huo una wateja hapa nyumbani pia. Mwenye mshahara hana utulivu. Kijana aliyehitimu akakosa kazi ana utulivu mwingi kuliko anavyoutaka, na hana mshahara. Wanatafutana, wanaelewana bei. Ni haki kulaani udanganyifu huo, nami naulaani. Lakini ukiitazama biashara yenyewe utaona bidhaa inayouzwa: saa za mtu kukaa peke yake na swali. Mnunuzi analipia saa hizo, kisha anapokea kitabu chenye jina lake ambacho hajawahi kukaa nacho. Amenunua kila kitu isipokuwa alichokuja kukitafuta.

Alikuja kutafuta nini? Mwalimu wa P3 hakuulizwa swali hilo. Cheti kilipandisha daraja, daraja likapandisha mshahara, mshahara ukasomesha watoto. Ngazi hiyo kwa walimu imelegea. Miongozo ya kupanda vyeo ambayo Tume ya Kuajiri Walimu ilianza kuitumia mwaka 2018 ilitilia mkazo utendaji kazini na nafasi zilizopo. Cheti kikubwa peke yake hakimpandishi mtu. Nimewasikia walimu waliokopa kwa ajili ya uzamili wakiapa kwamba hawatakanyaga chuoni tena, na sioni cha kuwacheka. Kutaka mshahara bora ni sababu njema ya kusoma, na sababu hiyo iliwajengea wazazi wetu nyumba za mawe. Kwa wahadhiri mambo yalielekea upande mwingine: mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka sharti kwamba mhadhiri awe na uzamivu, na ikataja mwaka 2018 kuwa mwisho wa kusubiri. Huyu anasukumwa asome asipoteze kazi, yule anasoma bila ahadi ya kupanda. Wote wawili wanakutana meza moja ya maktaba, na wote wawili hawaandiki.

Ila wapo wanaoendelea hata ngazi ilipolegea, na ukikaa nao utagundua kila mmoja ana swali ambalo hakulipata kitabuni. Muuguzi anataka kujua kwa nini akina mama wanaoishi karibu na kliniki wakati mwingine huchelewa kuliko wanaotoka mbali. Afisa wa ushirika wa kahawa anataka kujua nini humfanya mkulima amuuzie dalali leo kwa bei ndogo badala ya kungojea malipo ya kiwanda. Mwalimu wa Mwea anataka kujua nini hasa hutokea katika nyumba ya mtoto ambaye dawati lake hubaki tupu msimu wa mavuno ya mpunga. Mwanafunzi aliyetoka shahada ya kwanza akaingia ya pili bila kupumua hutafuta swali katika makala za wengine. Hawa wamekuja nalo. Wameishi nalo, limewakera kazini, limewahi kuwakosesha usingizi kabla chuo hakijaanza kuwakosesha.

Tungedhani basi kwamba kuandika kungekuwa rahisi kwao. Sivyo, na sababu yake inanionyesha kile ambacho utulivu unakifanya. Kazini mtu hujibu haraka, kwa sababu kuna anayesubiri. Mzazi yuko mlangoni anauliza mbona mtoto ameshuka. Mwalimu anampa jibu, naye anakwenda. Jibu hilo hurudiwa chumba cha walimu, wenzake wanaitikia kwa vichwa, na baada ya miaka kadhaa linakuwa jambo linalojulikana. Kisha mwalimu huyo anakaa peke yake na takwimu za madarasa yake, na jambo linalojulikana halionekani popote ndani yake. Hakuna njia ya kufika hapo ukiwa katikati ya watu, hata wawe wema namna gani. Mbele ya wenzako unakubaliana; peke yako ndipo unapojihoji. Tasnifu ya mfanyakazi, ikiandikwa na yeye mwenyewe, ina kitu ambacho chuo hakiwezi kukipata kwingine: mtu anayeijua kazi kwa ndani na ambaye amethubutu kuitilia shaka. Kwa ajili ya hilo naona haki ya kukaa peke yako inastahili kupiganiwa hadharani, mchana, bila kunong'ona.

Kengele itoke wapi basi? Ya kwanza ni ya msimamizi, na haigharimu kitu. Maneno "ukiwa tayari" yaondoke. Mahali pake pawe na Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, kurasa tano hata kama ni mbovu. Mwanafunzi atakayesema nyumbani "Jumanne naonana na msimamizi" ataachiwa Jumatatu jioni yake yote. Ni kauli ya aina ile ile na "nina mtihani".

Ya pili ni ya idara. Kwa mihula kadhaa familia yetu imezoea kwamba Jumamosi hatupo. Masomo ya darasani yakiisha, idara inatushukuru na kutuachilia, na kufikia Jumamosi ya pili ukoo umeshaichukua siku hiyo. Chumba kile kingebaki wazi. Ratiba ingebaki na jina letu saa mbili hadi saa saba, bila mhadhiri, bila somo, kila mtu na sura yake. Tungepanda matatu ile ile na mkoba ule ule, na hakuna ambaye angeuliza. Mwajiri naye, ambaye kwa likizo ndefu ya masomo ana foleni ya waombaji wengi na nafasi chache, anaweza kutoa kitu kidogo zaidi: alasiri moja ya wiki isiyohamishwa, iliyoandikwa kwenye ratiba, inayojulikana na wote.

Ya tatu iko mikononi mwetu, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Miji hii haijui kumwacha mtu peke yake, lakini inajua kuendesha chama. Chama kina siku, kina daftari la mahudhurio, kina faini, na kina aibu ndogo ya kuchelewa ambayo huamsha watu vitandani. Mimi na wenzangu wachache tumekifanya kiwe cha kuandika. Tunakutana maktabani, simu zinawekwa kwenye kikapu, na hakuna anayeongea hadi saa sita. Anayekosa analipa, anayefika bila aya mpya ananunua chai. Nyumbani hatusemi tunakwenda kukaa kimya, maana hakuna atakayeelewa. Tunasema tuna chama, na mlango unafunguka. Ndugu zetu hawakuwahi kuwa na ugomvi na utulivu wetu. Walikuwa wanangoja tuupe jina wanaloliheshimu, na siku, na watu wa kutushuhudia.

Wanaotupenda wana swali lao pia, nalo hutolewa kila sherehe, juu ya sahani ya mukimo: utamaliza lini? Linaulizwa kwa nia njema na linachoma kila mara, kwa sababu linahesabu miaka huku sisi tukihangaikia saa. Atakayeniuliza nitamaliza lini sina la kumjibu. Atakayeniuliza saa zangu ni zipi, ili asinipigie simu wakati huo na awaambie wengine nao wasinipigie, huyo jina lake litakuwa la kwanza kwenye ukurasa wa shukrani.